Mvua Inayotoka Mashariki: Angahewa na Majira ya Kusini mwa Maniema

Katika kila sehemu 100 za hewa kavu iliyo juu ya Salamabila, kusini mwa Maniema, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Ile moja inayobaki karibu yote ni agoni. Hewa ukaa haifikii hata moja ya ishirini ya sehemu hiyo moja. Mvuke wa maji hauna kiwango maalumu: alasiri ya Julai, upepo mkavu ukivuma toka kusini-mashariki, hupungua sana, na Novemba baada ya mvua huweza kukaribia sehemu 3 katika 100. Naitrojeni na oksijeni, pamoja na wingi wao, hazina neno kubwa katika habari ya joto na mvua: huiacha miale ipite, wala hazigeuki kuwa mawingu. Majira ya Kabambare na Kasongo, kama majira ya dunia nzima, yako mikononi mwa hizo gesi chache.

Kazi ya zile nyingi ni uzito. Ufukweni mwa bahari, kila sentimita ya mraba hubeba karibu kilo moja ya hewa, na mgandamizo wake husomwa hektopaskali 1,013. Karibu na ardhi, kila mtu apandapo mita 9 hivi, hektopaskali moja hupungua, kwa kuwa hewa iliyoachwa chini haimlemei tena. Kasongo, mji ulio zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, husoma karibu 950. Maji nayo huchemka mapema zaidi mgandamizo unapopungua, kwa kadiri ya nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kwa hiyo msafiri mwenye barometa, au mwenye sufuria na kipimajoto kizuri, alikuwa na njia ya kujua kimo cha nchi asiyoijua.

Njia hiyo iliwahi kuamua swali kubwa huku huku Maniema. David Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare, aliyoiandika Bambarre, akafika Nyangwe kwenye Lualaba mwaka 1871, na hadi alipokufa mwaka 1873 alitumaini kwamba mto ule ni Nile. Msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe mwaka 1874. Vipimo vyake vya kimo vilionyesha kwamba Lualaba pale iko chini kuliko Nile ya Gondokoro, mamia ya kilomita kaskazini. Na wingi wa maji aliouona, tena wakati wa kiangazi, ulikuwa mara kadhaa ya ule wa Nile. Mto haupandi mlima. Lualaba ilibidi iwe Kongo. Jibu lilikuwa sahihi, ingawa vipimo vya namna hiyo vina kasoro yake: katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifika juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti ni kama hektopaskali 3 hivi, sawa na mita zaidi ya 25 za kimo. Asiyezingatia saa ya kusoma chombo chake hukiweka kijiji kilekile bondeni asubuhi na juu ya kilima jioni.

Hewa ikipanda, uzito unaoikandamiza hupungua, hivyo hutanuka; na ikitanuka hupoa. Ndiyo sababu joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda, na Bukavu, iliyo karibu mita 1,000 juu zaidi ya Kasongo, hulala na blanketi usiku ambao Kasongo hulala na shuka. Upoaji huu huendelea hadi kikomo cha tabaka la chini la angahewa, ambalo katika tropiki lina kina cha kilomita 16 au 17, na kwenye ncha za dunia karibu nusu ya hapo. Mawingu yote ya maana, mvua yote na tufani zote hutendeka ndani ya tabaka hilo. Hapo juu kuna ozoni inayonyonya miale mikali ya jua na kupasha joto, basi hewa inayopanda hufika mahali ikakuta juu yake hewa yenye joto zaidi na kusimama. Kilele bapa cha wingu la radi, kile kinachotandazika, ndicho alama ya mpaka huo.

Nguvu ya kuendesha haya yote hutoka kwenye jua. Nje ya angahewa, mita moja ya mraba inayolielekea jua hupata wati 1,361. Zikigawanywa kwa umbo la dunia, mchana na usiku, wastani ni wati 340 hivi, na karibu sehemu 30 katika 100 hurudishwa angani na mawingu, theluji, mchanga na hewa yenyewe. Salamabila, ikiwa karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, huwa na jua la utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba na karibu na tarehe 10 Machi. Hata mwezi wa Juni, jua linapokuwa mbali kaskazini, adhuhuri hupanda hadi nyuzi 63 juu ya upeo. Desemba hufika 71. Tofauti hii ni ndogo mno kuzaa baridi na joto la mwaka kama la Ulaya. Mwaka wa Maniema hugawanywa na maji.

Lakini jua pekee halitoshi kueleza joto. Dunia nayo hutoa miale, isiyoonekana kwa macho, na kama ingeitoa moja kwa moja angani wastani wa joto lake ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani halisi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Nyuzi hizo 33 ni kazi ya mvuke wa maji, mawingu, hewa ukaa na gesi nyingine chache zinazonasa miale ya ardhi na kurudisha sehemu yake chini. Jambo hili, ambalo vitabu hulieleza kwa michoro mingi, kusini mwa Maniema huonekana bila chombo. Usiku wa Julai, mbingu zikiwa kavu na nyota tele, joto la mchana hutoroka na alfajiri huwa na baridi ya kuwakusanya watu motoni. Usiku wa Novemba, mawingu yakiwa yametanda na hewa imejaa mvuke, joto hukaa ndani ya nyumba na nje ya nyumba hadi kuku wawike. Jua la mchana halikutofautiana sana kati ya siku hizo mbili. Kilichotofautiana ni blanketi.

Kwa kuwa tropiki hupata joto zaidi kuliko linalotoka, na ncha za dunia hutoa zaidi kuliko zinalopata, hewa na bahari hulazimika kusafirisha ziada hiyo. Mwingereza George Hadley alieleza mwaka 1735 sehemu ya kwanza ya usafiri huo: karibu na ikweta hewa yenye joto hupanda, na hewa nyingine huja toka kaskazini na kusini kujaza nafasi yake, ikipindishwa na mzunguko wa dunia ili ivume kutoka mashariki. Hewa iliyopanda huenda mbali huko juu, ikashuka tena karibu na nyuzi 30 za latitudo. Inaposhuka hukandamizwa, hupata joto na kukauka. Ndiyo maana Sahara na Kalahari ziko pale zilipo. Mahali pepo za pande mbili zinapokutana huitwa ukanda mvua, nao hulifuata jua kwa kuchelewa majuma kadhaa. Juu ya bahari ukanda huu huonekana kama mstari. Juu ya Kongo haufuati mstari wowote. Ni eneo pana la mawingu linalowaka hapa na kuzimika pale, na anayelichora kwa kalamu moja kwenye ramani anaficha mengi.

Kalenda ya Kabambare hutoka humo. Septemba jua linaporudi kusini, mvua za kwanza hufika, na wenye mashamba ya mpunga wa nchi kavu, mahindi na karanga huanza kuangalia udongo. Kati ya Oktoba na Aprili mvua hutawala, pengine ikilegea kidogo kati ya Januari na Februari. Kuanzia mwisho wa Mei ukanda mvua huwa umekwenda kaskazini, na kusini mwa Maniema huangukia chini ya pepo za kusini-mashariki zilizovuka nyanda za juu za Tanzania na Zambia na kuacha unyevu wao njiani, huku hewa ya juu ikishuka na kuziba njia ya mawingu. Kiangazi hiki hudumu miezi mitatu hivi. Ukienda kaskazini, kuelekea Kindu na Punia, hufupika. Ukienda kusini, kuelekea Katanga, hurefuka. Ndiyo sababu nchi ya Kabambare ina sura mbili, msitu mabondeni na nyika ya majani migongoni, kwani iko mahali ambapo kiangazi kinaanza kuwa kirefu kuliko uvumilivu wa msitu. Moto humalizia kazi hiyo. Julai na Agosti nyika za kusini mwa Kongo, Angola na Zambia huungua kwa wingi ambao setilaiti huuona kama mkufu wa moto, na ukungu wa moshi hufanya jua la jioni liwe jekundu hata mahali ambapo hakuna aliyewasha kitu.

Maji ya mvua yenyewe yana asili tatu. Sehemu hutoka Bahari ya Hindi kwa pepo za mashariki; sehemu hutoka Atlantiki, ikiingia chini chini kupitia bonde la Kongo; na sehemu kubwa haitoki bahari yoyote kwa safari hiyo, maana ni mvua ya jana iliyorudishwa hewani. Msitu hunyonya maji kwa mizizi na kuyatoa majanini, kama lita 3 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nyika hutoa pungufu, na kiangazi majani yakikauka hutoa kidogo sana, ilhali mti wenye mizizi mirefu huendelea. Msitu uliokatwa kwa mashamba, makaa na machimbo ya dhahabu kama ya Namoya hauondoi mvua ya mwaka huohuo, wala si kweli kwamba mti mmoja mmoja huita wingu. Hesabu ya kweli ni ya maeneo mapana: ardhi ikiachwa wazi juu ya mamia ya kilomita, hewa inayopita juu yake hufika mbele ikiwa na mvuke pungufu, na anayekosa mvua huenda akawa mkulima wa upande ambako upepo unaelekea, mbali na panga lililokata.

Mvua ya kawaida ya msimu hutengenezwa kwa siku moja, na hatua zake zinaweza kufuatwa kwa saa. Saa moja asubuhi ukungu hulala juu ya bonde la mto Luama, kwa kuwa hewa baridi ya usiku imeteremka na mvuke wake kugeuka matone. Saa tatu jua huuyeyusha. Saa nne au tano mawingu madogo meupe hutokea, yote yakiwa na vitako sawasawa kana kwamba yamekatwa kwa kamba: hicho ndicho kimo ambacho hewa inayopanda imepoa kiasi cha kushindwa kushika mvuke wake. Wakati huohuo, upande wa mashariki, miteremko ya milima ya Mitumba na nyanda za Itombwe, ambazo vilele vyake huzidi mita 3,000, hupata joto mapema kuliko hewa huru iliyo kwenye kimo kilekile, na upepo hupanda juu yake. Ifikapo saa nane mawingu ya huko yamekuwa minara. Hewa ya katikati ya anga huvuma kuelekea magharibi, na huibeba minara hiyo ikishuka toka milimani, mmoja ukiungana na mwenzake hadi kuwa safu. Kutoka milimani hadi Salamabila ni kilomita mia na zaidi, mwendo wa saa tatu hivi kwa safu iendayo kasi. Kwa hiyo mvua kubwa mara nyingi hufika jioni au usiku, na hutoka mashariki, hata pale maji yake yalipotoka Atlantiki.

Kabla ya tone la kwanza huja upepo baridi unaoinua vumbi la barabara na kupiga mabati. Hiyo ni hewa ya ndani ya wingu lenyewe, iliyopozwa na matone yanayovukiza, ikawa nzito na kuanguka, kisha ikatawanyika mbele ya mvua. Inapojiingiza chini ya hewa yenye joto huisukuma ipande, na wingu jipya huzaliwa mbele ya lile linalokufa. Safu hujilisha yenyewe namna hiyo kwa masaa mengi, na baadhi zilizoanzia milimani alasiri huvuka sehemu kubwa ya bonde la Kongo kabla ya kwisha.

Nishati iliyomo katika safu hiyo haionekani kwa urahisi. Kila kilo ya mvuke inapogeuka maji huachilia jouli milioni 2.5, joto lilelile lililotumika kuivukiza. Mvua ya milimita 30 juu ya eneo la kilomita 100 za mraba, jambo la kawaida kabisa Novemba, ni tani milioni 3 za maji. Joto lililotolewa kuzitengeneza lingehitaji mitambo ya Inga I na Inga II, yenye megawati 1,775 kwa pamoja, ifanye kazi kwa nguvu zake zote kwa siku 49 hivi. Joto hilo ndilo huendelea kuisukuma hewa juu hata jua likiwa limezama.

Karibu na kimo cha kilomita 5 joto ni sifuri. Juu ya hapo wingu huwa na mchanganyiko wa matone yaliyopoa bila kuganda, chembe za barafu na punje za barafu laini. Punje nzito na chembe nyepesi zinapogongana, chembe huondoka na chaji chanya na kuchukuliwa juu, punje hubaki na chaji hasi na kukaa katikati ya wingu. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuitenganisha, umeme hupita. Njia yake hufika joto la nyuzi 30,000 hivi. Hewa hutanuka ghafla, na huo ndio mngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3, hivyo anayehesabu sekunde toka mmweko hadi mngurumo na kugawanya kwa 3 anajua radi iko umbali gani. Ikiwa ni kilomita chache tu, mtu aliye wazi kilimani kwenye shimo la dhahabu, au aliyejikinga chini ya mti uliosimama peke yake, yuko hatarini tayari, mvua iwe imefika au haijafika.

Setilaiti ya TRMM, iliyorushwa mwaka 1997 na Marekani na Japani, ilikuwa na chombo cha kuhesabu mimweko ya radi. Hesabu za miaka 16 zilizotolewa mwaka 2016 ziliweka ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya mahali pote duniani, kwa mimweko 233 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili lilikuwa eneo la Kabare, Kivu Kusini, kwa 205. La tatu lilikuwa Kampene, Maniema, kwa 177. Sehemu kubwa ya mimweko hiyo hubaki ndani ya wingu bila kugusa ardhi, lakini hata hivyo kijiji chenye kilomita 10 za mraba katika nchi ile huona mimweko zaidi ya 1,700 juu yake kila mwaka. Imani kwamba radi hutumwa na mtu ina nguvu Maniema na Kongo kwa jumla, na imegharimu wazee wengi amani yao. Hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba hakuna adui mwenye muda wa kutuma radi zote hizo. Sababu zilizopo ni milima ya mashariki, unyevu wa magharibi, na pepo zinazokutana kati yake karibu kila siku ya msimu.

Miaka hailingani, na chanzo cha tofauti mara nyingi kiko mbali. Bahari ya Hindi ya upande wa Afrika ikipata joto kuliko kawaida na ile ya upande wa Indonesia ikipoa, mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi Afrika ya Mashariki na mara nyingi hadi Kongo. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, Ziwa Victoria lilipoanza kupanda zaidi ya mita 2 kwa miaka michache na mto Kongo ukaweka rekodi yake Kinshasa. Ilikuwa hivyo tena mwaka 2019, na mwishoni mwa 2023, pamoja na El Niño, hata Januari 2024 Kongo ikaikaribia rekodi ileile ya 1961. Ziwa Tanganyika, ambalo hupoteza maji mengi zaidi kwa kuvukizwa kuliko kwa mto Lukuga, halina haraka: mvua za miaka kadhaa hulundikana ndani yake. Lilifurika Uvira, Kalemie na Bujumbura, na ziada yake ilishuka kwa Lukuga hadi Lualaba, ikapita Kongolo na Kasongo miezi mingi baada ya mvua iliyoizaa. Mkazi wa ukingoni huona mto umejaa wakati mbingu zake ni kavu.

Juu ya kupanda na kushuka huko kuna badiliko lisilorudi nyuma. Msweden Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 kwamba hewa ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni; mwaka 1958, Charles Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa 315; sasa imepita 420. Joto la dunia limepanda zaidi ya nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Kila nyuzi moja huongeza uwezo wa hewa kushika mvuke kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua kubwa inaponyesha ina maji zaidi ya kumwaga, na kiangazi kinapokausha kinakausha kwa nguvu zaidi. Kama jumla ya mvua ya mwaka itaongezeka au kupungua Maniema, mifano ya kompyuta haikubaliani.

Sehemu ya kutokubaliana huko ni uhaba wa vipimo. Enzi ya ukoloni, vituo vya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa mwaka 1933, vilipima mvua nchi nzima, na kutokana navyo Franz Bultot alichora katika miaka ya 1970 atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo, ambayo bado hutumika. Baada ya uhuru vituo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mafuriko ya Mei 2023 yalipoua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, wanasayansi waliotaka kujua kama ongezeko la joto lilichangia walikosa data za mvua za kutosha na kuacha swali bila jibu. Huo ni upungufu wa ajabu, kwa kuwa kipimamvua ni chombo rahisi kuliko vyote: mkebe wenye kuta zilizonyooka, rula, daftari, na mtu anayesoma kila asubuhi saa ileile kwa miaka mingi. Huyo mtu ndiye mgumu kupatikana.

Setilaiti hujaza pengo kwa sehemu. Meteosat hupiga picha ya Afrika yote kila robo saa au chini ya hapo, na safu ya mawingu inayoondoka Itombwe saa tisa huonekana ndani yake kabla haijafika Kabambare usiku. Kwa saa chache mbele, utabiri huo ni wa kuaminika. Kwa siku tatu au nne, mifano ya kompyuta hutaja eneo litakaloshughulika na mvua, lakini haitaji kijiji, maana mnara mmoja wa wingu ni mdogo kuliko nafasi kati ya nukta zake. Kwa msimu mzima, mwongozo bora ni joto la bahari, hasa Bahari ya Hindi mwezi wa Septemba.